Nyimbo za kwaya yetu zinaninyima sala: je, natenda dhambi?

Ndugu Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mjane wa miaka 67. Nilizaliwa na kukulia katika kijiji kilicho karibu na abasia ya Peramiho, Songea, na utoto wangu wote ulipita nikisikia kengele za wamonaki na sala zao za jioni wanazoziimba. Marehemu mama yangu hakujua kusoma, lakini aliijua Misa de Angelis kwa Kilatini kuanzia mwanzo hadi mwisho, nasi tukaijua kwake kabla ya kuanza shule. Miaka sita iliyopita mwanangu alinichukua nikaja kuishi naye pembezoni mwa Dar es Salaam, na tangu hapo nimekuwa muumini wa parokia ya huku.

Kwa miaka minne ya kwanza sikuwa na shida. Nyimbo zilikuwa tofauti na za kwetu, lakini nilijifunza na kuzizoea. Shida ilianza alipokuja mwalimu mpya wa kwaya. Sasa kila Dominika kinanda cha umeme kinapigwa kwa mapigo yale yaliyorekodiwa ndani yake, kuanzia wimbo wa mwanzo mpaka tunapotawanyika, na vipaza sauti vimeelekezwa kwetu kana kwamba sisi ni viziwi. Nyimbo hubadilika kila wiki, kiasi kwamba ukianza kuushika mmoja hutausikia tena mpaka mwaka ugeuke. Utukufu hatuusali tena kama ulivyo katika Misale ya Waumini; kuna wimbo unaorudia maneno mawili matatu ya mwanzo, kisha mwimbaji mmoja anaongeza ya kwake. Wakati wa kupeana amani unaimbwa wimbo mrefu, watu wanacheza na kuzunguka kanisa zima, na padre anasubiri altareni. Baada ya komunyo hakuna hata dakika moja ya kimya. Dominika moja ulipoimbwa wimbo wa shukrani, watoto waliokaa mbele yangu walicheka, kwa sababu waliitambua tuni yake kuwa ni ya wimbo wa bongo fleva, na mmoja wao akaanza kuyaimba kwa sauti ya chini yale maneno mengine. Ngoma na kayamba sizikatai, kwa maana nimekua nazo. Haya ya sasa ndiyo siyawezi.

Katika Kwaresima iliyopita mapigo yaliendelea vilevile kama siku ya harusi. Nilishindwa kuvumilia, nikatoka kabla ya baraka ya mwisho. Nyumbani nilimwambia mjukuu wangu, ambaye ana miaka 19 na anaimba katika kwaya hiyo, kwamba kwaya yao ni bendi ya baa iliyovaa majoho. Alilia. Mimi na yeye tulikuwa watani, akiniita mke mwenza mbele ya watu wote. Siku hizi hunipa shikamoo na kuingia chumbani kwake. Mwanangu ameniambia kwamba kizazi changu kimepita. Paroko nilimweleza juu juu baada ya Misa, akanijibu kwamba vijana wakinyimwa nyimbo wanazozipenda watahamia kwa walokole.

Naomba unisaidie. Je, natenda dhambi ninapozichukia nyimbo za kanisani? Nihamie parokia nyingine? Au nimwandikie askofu?

Bibi wa Dar es Salaam

*

Milele na milele, amina.

Mama yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale ulipoandika kuhusu mjukuu wako. Ruhusu nianzie hapo, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja wiki moja au mbili, lakini hilo haliwezi. Binti huyo hakuchagua kinanda, hakupanga nyimbo, wala hakuelekeza vipaza sauti. Alichofanya ni kwenda mazoezini jioni baada ya shughuli zake, kuchangia sare na nauli kutoka katika fedha ambazo pengine hana, na kumtolea Mungu sauti yake katika umri ambao wenzake wengi hawaonekani kanisani. Neno ulilomwambia lilimpata yeye, wala si yule mwalimu uliyemkusudia. Mwombe radhi kwa neno hilo, na umwombe radhi peke yake bila kuunganisha malalamiko yako mengine. Ukisema “nisamehe, lakini kwaya yenu…”, atakachokisikia ni kile kinachofuata baada ya lakini.

Sasa nijibu swali la dhambi. Kutopendezwa na wimbo si dhambi, hata kama wimbo huo unaimbwa kanisani. Kanisa halijawahi kumlazimisha muumini kuipenda tuni fulani. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anakumbuka jinsi alivyolia machozi aliposikia nyimbo za Kanisa siku zile za kuongoka kwake, kisha anakiri kwamba kila anapoguswa na uimbaji kuliko na kile kinachoimbwa, anajiona amekosa. Wengi huyatumia maneno hayo kuwaonya vijana wanaocheza. Mimi naona yanatuhusu pia sisi tunaopenda nyimbo za kale. Inawezekana kabisa mtu akaisikiliza Misa de Angelis na moyo wake ukajaa Peramiho, mama yake na utoto wake, akadhani kwamba amesali. Kumbukumbu hiyo ni neema, wala sikuambii uiache. Nakuomba tu uitazame vizuri ujue unacholilia, kwa sababu sehemu ya maumivu uliyoyaandika, kwa maoni yangu, ni ya mtu aliyehamishwa kutoka kwao akiwa mzee, na mwalimu wa kwaya hana dawa ya hayo.

Umesema jambo moja ambalo limenigusa: kwamba ngoma na kayamba huzikatai kwa kuwa umekua nazo. Je, unajua kwamba mwaka 1903, tarehe 22 Novemba, siku ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius X alitoa hati kuhusu muziki mtakatifu, na katika hati hiyo piano ilikatazwa kanisani, pamoja na ngoma na vyombo vyote vya kelele? Katika nchi zetu katazo hilo liliongezewa nguvu na hofu ya wamisionari wengi, ambao waliisikia ngoma wakafikiri juu ya matambiko, jando na vilabu vya pombe. Walikuwapo wakristo wema, wazee wa enzi za mama yako, ambao ngoma ilipoingia kanisani kwa mara ya kwanza waliona pombe na ulevi vimeingizwa mbele ya tabernakulo. Maneno waliyoyasema hayakuwa mbali sana na yale uliyomwambia mjukuu wako. Mlango ulifunguliwa rasmi na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, iliyosema katika ibara ya 119 kwamba muziki wa asili wa mataifa ya misioni upewe heshima na nafasi inayoustahili, na katika ibara ya 120 kwamba vyombo vingine visivyokuwa kinanda cha mabomba viweze kuruhusiwa vikifaa kwa matumizi matakatifu. Mwaka uleule padre wa kwetu, Stephen Mbunga, alichapisha uchunguzi wake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo ngoma unayoiona kuwa ya heshima na ya kale imepata uhalali wake ndani ya maisha yako mwenyewe, ukiwa mtoto mdogo. Simaanishi kwamba kila kinachoingia leo kitakuwa kitakatifu kesho. Namaanisha kwamba masikio yetu yana umri, na umri wa masikio hautoshi kuwa kipimo cha kuhukumu nyimbo za wengine.

Kipimo ni nini, basi? Hapa ndipo ninapokuwa upande wako kuliko unavyotarajia, kwa sababu baadhi ya mambo uliyoyaandika hayahusu ladha hata kidogo.

La kwanza ni Utukufu. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, namba 53, yanasema wazi kwamba maneno ya utenzi huo hayawezi kubadilishwa na kuwekwa mengine. Tuni inaweza kuwa yoyote inayofaa, iwe ya Kigregori, ya Kimakonde au ya kinanda cha umeme, lakini maneno ni yale ya Misale, yote, mpaka mwisho. Namba 366 inasema hivyohivyo kuhusu sehemu nyingine za kudumu za Misa, mfano Mwanakondoo wa Mungu. Sababu yake ni nzito. Utukufu ni utenzi wa kale sana, na ndani yake Kanisa linamkiri Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mwimbaji anapouacha na kuweka ya kwake, waumini mia kadhaa wananyang'anywa ungamo lao la imani, wakabaki na hisia za mtu mmoja. Hilo ni kosa, na una haki ya kulisema.

La pili, na ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba nyinyi waumini hamwimbi. Umelipitia haraka katika barua yako, kana kwamba ni usumbufu tu wa nyimbo kubadilika kila wiki, lakini soma ibara ya 114 ya Konstitusio ileile: kwaya ziendelezwe kwa bidii, lakini wachungaji wahakikishe kwamba jumuiya nzima ya waamini inaweza kushiriki katika sehemu zinazoihusu. Maagizo kuhusu muziki katika liturujia yaliyotolewa tarehe 5 Machi 1967 yanakwenda mbali zaidi, yakisema kwamba desturi ya kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa, watu wakiwa wametengwa kabisa na uimbaji, haifai. Nimeimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia kwa miaka 18, na najua jinsi jambo hili linavyotokea bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Watunzi wetu ni wengi, nota zinatumwa kwa simu usiku na kesho yake kwaya ya jirani imeshauimba wimbo, na hakuna mwalimu anayetaka kuonekana amepitwa. Tulijifunza Misa mpya kwa wiki moja, tukaiimba Dominika, na kutoka mahali petu tuliwaona watu wametulia kimya, nasi tukauchukulia ukimya ule kuwa ni dalili ya kuguswa. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba walikaa kimya kwa sababu hatukuwaachia nafasi ya kuimba. Kwaya inayoimba vizuri mbele ya watu waliofunga midomo imefanya nusu ya kazi yake, hata kama sauti zote nne zimekaa sawa.

La tatu ni wimbo wa amani. Barua ya Idara ya Ibada Takatifu ya Vatikano ya mwaka 2014, iliyohusu ishara ya amani katika Misa, inataka kuepukwa kwa wimbo wa namna hiyo, kwa kuwa haumo katika Misa ya Kirumi, na inataka pia waamini wasihame mahali pao kwenda kusalimiana. Najua kwamba hapa kwetu wimbo huu umezoeleka na unapendwa, na sitashangaa ukisikia kwamba kuuondoa ni kuwanyima watu furaha. Ila wakati huo Mwili wa Kristo umelala altareni, na mkate unangoja kumegwa.

Kuhusu Kwaresima, namba 313 ya Maelekezo yale inaruhusu vyombo vya muziki katika kipindi hicho kwa ajili ya kuusaidia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Kinanda kinachoongoza sauti kinaruhusiwa. Mapigo ya harusi hayasaidii mtu yeyote kuimba, na kipindi cha toba kikisikika kama Pasaka, Pasaka yenyewe itasikika kama nini?

Suala la tuni ya bongo fleva lina ugumu wake, na sitaki kukupa jibu rahisi. Tuni za kidunia zimeingia kanisani tangu zamani: katika karne ya 15 na ya 16 watunzi wakubwa, akiwemo Palestrina, walitunga Misa juu ya wimbo wa Kifaransa wa mtu mwenye silaha. Ule wimbo wa Mateso kuhusu kichwa cha Bwana kilichovikwa taji la miiba, ambao huimbwa katika nchi nyingi wakati wa Kwaresima na ambao huenda uliufahamu Peramiho kupitia kwa wamisionari Wajerumani, una tuni iliyotungwa na Hans Leo Hassler mwaka 1601 kwa ajili ya wimbo wa mapenzi. Leo hakuna anayeusikia akawaza mapenzi, kwa sababu miaka mia nne imeyafuta maneno yale. Watoto wa mbele yako hawakuwa na miaka mia nne. Walikuwa na tuni waliyoisikia juzi kwenye daladala, na maneno yake walikuwa nayo mdomoni. Kwa hiyo sisemi kwamba tuni ile ni najisi, lakini nasema kwamba kwa sasa haiwezi kubeba sala katika parokia hiyo, na ushahidi ulio nao ni kicheko cha watoto, ambacho ni ushahidi wenye nguvu kuliko hasira yako. Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2007, katika waraka wake kuhusu Ekaristi, kwamba katika liturujia hatuwezi kusema kuwa wimbo mmoja ni sawa na mwingine. Hilo mwalimu wa kwaya anapaswa kulisikia, ila alisikie kutoka kwa paroko, katika mazungumzo ya utulivu.

Yaliyobaki, yaani sauti ya kinanda cha umeme, mwendo wa haraka, makofi na kucheza wakati wa matoleo, ni ya kwako kuyavumilia. Vipaza sauti viombewe kupunguzwa, kwa kuwa hilo ni suala la masikio na adabu. Mengine ni sala ya watu wengine waliobatizwa kama wewe, na wanayo haki ya kuimba kwa lugha ya muziki waliyozaliwa nayo, kama mama yako alivyokuwa na ya kwake.

Sikushauri kumwandikia askofu, angalau si sasa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 212, inawapa waamini haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao kwa heshima, na mchungaji wako wa kwanza ni paroko. Wewe mwenyewe umekiri kwamba ulimweleza juu juu, tena baada ya Misa, wakati ambapo watu kumi wengine wanamvuta joho. Omba nafasi siku ya kazi, ofisini. Usimpelekee mambo saba, mpelekee mawili: maneno ya Utukufu yawe yale ya Misale, na waumini wapewe nyimbo chache za kudumu ambazo wote wanaweza kuziimba. Mwombe, kwa mfano, Misa moja ya kuimbwa isibadilishwe kwa kipindi chote cha liturujia, na wimbo wa komunyo uwe na kiitikio kifupi kinachorudi Dominika tatu au nne mfululizo. Ombi la namna hiyo haliwanyimi vijana chochote, na linajibu hofu yake kuhusu walokole, kwa maana kule vijana wanakokwenda kusanyiko zima linaimba. Ukizipata hizo mbili, wimbo wa amani na ukimya wa baada ya komunyo utakuwa na mahali pa kuzungumzwa katika kamati ya liturujia, ambako hakuna ubaya ukaomba kuwa mjumbe kupitia jumuiya yako ndogondogo. Mwanamke aliyelelewa na sala za wamonaki ana kitu cha kuwapa, hasa kuhusu zaburi ya katikati, ambayo kwaya nyingi huiimba kama wimbo wa kawaida na maneno yake yakapotea. Kama mjukuu wako yuko tayari, mwimbie yeye kwanza namna zaburi zilivyoimbwa kule kwenu.

Kuhusu kuhama, kanuni ya 1248 inakuruhusu kutimiza wajibu wako wa Dominika popote Misa inapoadhimishwa kwa ibada ya Kikatoliki, au jioni ya siku iliyotangulia, kwa hiyo hakuna atakayekuhukumu ukienda kwingine. Lakini jumuiya yako iko hapo, na majirani watakaokuja kukuuguza wako hapo. Jaribu kwanza Misa ya saa 12 asubuhi katika parokia yako, ambayo katika makanisa mengi ya Dar es Salaam huwa na nyimbo chache na utulivu zaidi, na Dominika moja katika mwezi uende kwenye ile Misa ya kwaya ya vijana. Ila kabla hujabadilisha, mjulishe mjukuu wako, asije akakutafuta kwa macho kutoka mahali pa kwaya na kuona kiti chako kitupu bila kujua sababu.